Naenda kujitolea hospitali ya misheni kijijini: zamu ya usiku inaandaliwaje?

Nesi_Mpya

Habari za kazi wakubwa zangu. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, leseni ninayo mkononi, ajira bado. Mwezi ujao naanza kujitolea hospitali ya misheni kijijini, mkoa wa Manyara, upande wa Mbulu. Naanzia wodi ya watoto, baadaye leba. Nilichoelezwa ni hiki: usiku wodi ina muuguzi mmoja na mhudumu mmoja, vitanda kati ya 25 na 30, daktari yuko nyumba za watumishi na anaitwa kwa simu. Umeme unakatika na jenereta haikeshi.

Naomba mnisaidie mambo ya vitendo. Nikiingia zamu ya usiku nianze na nini? Oksijeni inasimamiwaje umeme ukikatika? Mahesabu gani ya dawa na dripu niwe nayo kichwani? Na kabla sijafungasha, makaratasi gani na mambo gani ya maisha ya kule niyaweke sawa?

Sista_wa_Zamu

Karibu sana kazini, mdogo wangu. Zamu ya usiku inaandaliwa jua likiwa bado halijazama. Kitu ambacho hukukihakikisha saa kumi na mbili jioni, saa nane usiku hukipati: stoo imefungwa, mwenye funguo kalala, na mtoto anapata degedege mbele yako.

Fika nusu saa kabla. Makabidhiano yafanyike kitanda kwa kitanda, si pale mezani. Kwa kila mtoto uliza uzito wa leo, dozi ya mwisho ilitolewa saa ngapi na inayofuata ni saa ngapi, kisha mguse miguu. Ikiwa ya baridi, na ukucha ukiubonyeza unachukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi, huyo aitiwe daktari kabla aliyekukabidhi hajaondoka. Halafu angalia kanula (kile kimpira kinachobaki mshipani kupitishia dawa na dripu). Mkono wa mtoto hufungwa kwenye kipande cha boksi ili kanula isitoke, na uvimbe hujificha chini ya bandeji hiyo. Fungua. Ngozi ikiwa imekaza na ni ya baridi kuliko mkono wa pili, dripu inaingia kwenye nyama, si kwenye mshipa. Itoe hapo hapo ukiwa bado na mwanga, uweke nyingine.

Trei ya dharura ipange mwenyewe, hata ukiambiwa ipo. Kanula namba 24 na 22 zisipungue tano tano. Dekstrozi (maji ya sukari) ya 50%, maji ya sindano, diazepamu (ya degedege), kipima sukari na vijiti vyake (soma tarehe ya mwisho kwenye kichupa, na hakikisha kifuniko kilikuwa kimefungwa, maana unyevu huviharibu), begi la ambu (la kukamua kwa mkono kumpumulisha mgonjwa) na barakoa za saizi ya watoto, kipima oksijeni cha kidoleni, betri za akiba. Tochi iwe ya kuvaa kichwani. Ya kushika mkononi ukiwa peke yako haikusaidii, kwa sababu kutafuta mshipa kunahitaji mikono miwili.

Degedege: mlaze ubavu, oksijeni, pima sukari. Ikizidi dakika 5, diazepamu kupitia njia ya haja kubwa 0.5 mg kwa kilo. Ampuli ya 10 mg kwenye ml 2 ina maana ni 0.1 ml kwa kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anapata 1.2 ml. Subiri dakika 10; ikiendelea unaweza kurudia mara moja, na begi la ambu liwe limeshashikwa, kwa sababu dozi ya pili ndiyo inayozima pumzi.

Sukari iliyoshuka ni chini ya 2.5 mmol kwa lita. Kwa mwenye utapiamlo mkali ni chini ya 3. Vijiti vikiisha na mtoto hajitambui, mhesabu kuwa ameshuka sukari na umtibu. Dozi ni dekstrozi ya 10%, ml 5 kwa kilo. Chupa ya 10% mara nyingi haipo, ila ya 50% ipo: chukua sehemu 1 ya dekstrozi na sehemu 4 za maji ya sindano. Kilo 12 ni ml 60, yaani ml 12 za dekstrozi na ml 48 za maji. Usisukume ile ya 50% kama ilivyo, inaunguza mshipa. Mshipa ukigoma, weka kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa na matone ya maji chini ya ulimi, rudia kila dakika 20 huku unaendelea kutafuta njia. Pima tena baada ya dakika 30, kwa sababu hupanda halafu ikaporomoka.

Malaria kali ni artesuneti ya sindano. Kichupa cha 60 mg kinayeyushwa kwanza na ml 1 ya sodiamu bikabonati iliyomo kwenye boksi lake. Tikisa mpaka dawa iwe angavu. Ikibaki na ukungu, tupa. Kwa mshipa ongeza ml 5 za maji ya chumvi ya 0.9% au dekstrozi ya 5%, kila ml inabeba 10 mg. Kwa msuli ongeza ml 2, kila ml inabeba 20 mg. Chini ya kilo 20 dozi ni 3 mg kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2.4. Mtoto wa kilo 12 anahitaji 36 mg: 3.6 ml mshipani au 1.8 ml msulini. Kosa linalorudiwa sana ni kuchanganya kwa hesabu ya mshipa halafu kuchoma msulini kwa hesabu ya msuli: mtoto anapata nusu ya dozi na kila mtu anadhani dawa imekataa. Ukishachanganya itumike ndani ya saa 1, usiiweke kwenye chupa ya dripu. Dozi ni saa ya 0, ya 12, ya 24, kisha mara moja kwa siku. Zisipungue tatu hata kama ameamka na anataka uji. Baada ya hapo dawa mseto kamili ya siku 3. Na mama aambiwe arudi kupima damu baada ya wiki moja hadi mbili, kwa kuwa wapo watoto ambao damu hushuka baadaye.

Dripu: soma pakiti ya seti. Seti ya kawaida ikiwa matone 20 kwa ml, njia ya mkato ni ml za saa moja gawanya kwa 3, unapata matone kwa dakika. ml 45 kwa saa ni matone 15. Seti ya watoto ya matone 60 ni rahisi zaidi: ml za saa moja ndiyo idadi ya matone kwa dakika. Hesabu kwa saa ya ukutani dakika nzima. Kisha bandika plasta nyeupe ubavuni mwa chupa, andika mstari na saa: hapa saa 2, hapa saa 4, hapa saa 6. Mama wa mtoto naye muoneshe mistari. Dripu ikikimbia atakuita.

Damu: nzima ml 20 kwa kilo, ya seli peke yake ml 10 kwa kilo. Kilo 12 akipewa seli ni ml 120. Kwa saa 4 ni ml 30 kwa saa, matone 10 kwa dakika. Ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji ya damu na iishe ndani ya saa 4. Soma jina, namba ya faili na kundi kwenye mfuko ukiwa kitandani kwa mtoto, mtu wa pili akisikiliza. Usiipashe kwenye maji ya moto. Dawa wala dekstrozi visipite kwenye mpira huo. Kaa naye dakika 15 za kwanza. Joto na mapigo: kabla, dakika ya 15, kila saa, na mwisho.

Nimalizie na wale wenye utapiamlo mkali, maana usiku ndio husahaulika. Maziwa ya F-75, yale maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali, ni kila baada ya saa 2, usiku kucha. Kilo 6 kwa ml 130 kwa kilo kwa siku ni ml 780, gawanya kwa mara 12, ml 65 kila mlo (akiwa na uvimbe mkali mwilini, hesabu ni ml 100 kwa kilo). Ukiruka milo ya saa nane na saa kumi kwa sababu wamelala, alfajiri unamkuta wa baridi na sukari imekwisha. Mlio wa simu uwekwe kwa kila mlo. Na hawa usiwafungulie dripu ya haraka kwa sababu tu wanaonekana wakavu. Moyo wao haubebi.

Fundi_VifaaTiba

Sista amemaliza ya dawa, mimi niongeze ya mashine.

Konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani) ya lita 5 hula takriban wati 350, ya lita 10 kama 600. Kabla ya kuomba mashine iunganishwe kwenye inveta ya sola, uliza hiyo inveta inabeba nini kingine, kwa sababu friji ya chanjo na taa za leba huwa ziko hapo hapo. Mashine ikae sentimita 30 kutoka ukutani, isifunikwe kanga wala kuwekewa nguo zikauke juu yake. Sponji ya filta ya nje ioshwe kwa sabuni kila wiki; kiangazi, vumbi la Manyara likianza, kila siku mbili tatu. Kamua, kausha kabisa ndipo urudishe. Filta ikiziba kompresa inapata joto, usafi wa oksijeni unashuka, na boya la kioo linaendelea kuonyesha lita 2 kama kawaida. Boya linapima wingi wa hewa, halipimi ubora wake. Chini ya 82% mashine hiyo haifai kwa mgonjwa, kwa hiyo taa ya njano isipuuzwe.

Kujua kama hewa inafika puani: chovya ncha za prongi (vimirija vya puani) kwenye kikombe cha maji. Mapovu yakitoka, njia ni wazi. Yasipotoka, mara tisa kati ya kumi ni kifuniko cha chupa ya maji kimefungwa kimshazari au mpira umekunjwa chini ya mguu wa kitanda. Futa prongi kabla ya kurudisha. Kwa mtoto wa lita 1 au 2 kupitia prongi, hiyo chupa ya maji si lazima. Mkiitumia, maji yawe yamechemshwa na kupoa na yabadilishwe kila siku.

Watoto wanne kwenye mashine moja inawezekana kama kuna kigawanyio chenye boya la kila mmoja, na jumla ya lita haizidi uwezo wa mashine. Usitumie kiungo cha Y kilichokatwa kutoka kwenye mpira wa dripu. Hewa hufuata njia rahisi: mmoja anapata yote, mwenzake anapumua hewa ya chumbani huku prongi ziko puani.

Umeme ukikatika: mtungi uwe pembeni ya kitanda, regyuleta imeshafungwa, umeshafunguliwa jioni na kusomwa. Spana ya mtungi ifungwe kwa mnyororo kwenye shingo ya mtungi wenyewe. Hiyo spana ya shilingi chache ikipotea, mtungi uliojaa hauna kazi. Hesabu ya muda: ujazo wa mtungi kwa lita mara presha ya geji kwa bar, gawanya kwa lita za dakika. Mtungi wa lita 10 wenye bar 100 una lita 1,000. Kwa lita 2 ni dakika 500, saa 8 na dakika 20. Andika jibu kwa chaki ukutani. Usipake grisi wala mafuta kwenye nati hata ikikaza; oksijeni yenye presha na mafuta hushika moto.

Umeme ukirudi usiwashe mashine hapo hapo. Chomoa, acha volti zitulie dakika chache, kisha washa na uipe dakika 5 kabla ya kumhamishia mtoto. Mawimbi ya kurudi kwa umeme ndiyo yanayoua bodi za mashine nyingi kuliko uzee. Stabilaiza isirukwe.

Otoklevu (chombo cha kutakasa vifaa kwa mvuke) ya mkaa au gesi: maji yafike alama, acha mvuke utoke mfululizo kufukuza hewa ndipo ufunge vali, na uanze kuhesabu ikishafika nyuzi 121, si ikishawekwa jikoni. Vifaa vitupu dakika 20, vilivyofungwa kitambaa dakika 30. Geji ya pauni 15 ni hesabu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 pauni 15 zinakupa kama nyuzi 118. Ili ufike 121 geji isome karibu 18, mradi alama nyekundu ya chombo inaruhusu. Pakiti ikitoka imelowa, si safi tena. Vijidudu hupita kwenye kitambaa kibichi.

Nesi_Mpya

Asanteni sana, naandika kila kitu kwenye daftari. Swali dogo kwa Sista: oksijeni naanza kwa lita ngapi? Na maji ya Jik ya kuloweka vifaa, tulifundishwa moja kwa sita, yaani sehemu moja ya Jik kwa sita za maji. Ni hivyo hivyo huko?

Sista_wa_Zamu

Anza kipimo cha oksijeni cha kidoleni kikiwa chini ya 90%. Kichanga 0.5 hadi 1, mtoto mchanga wa miezi 1–2, mkubwa kidogo 1 hadi 4, kisha pima tena na upunguze kadiri anavyopanda. Njiti aliye kwenye oksijeni asipite 95%, macho yake yanaumia. Na kipimo ukiamini tu ikiwa mapigo yanayoonekana kwenye kioo yanalingana na ya kwenye stetoskopu. Kidole cha baridi hudanganya.

Jik ndiyo, moja kwa sita.

Mtu_wa_Maabara

Samahani Sista, hapo nisahihishe, maana nesi anaandika kwenye daftari. "Mchanga wa miezi 1–2" isomeke hivi: mtoto mchanga wa chini ya mwaka, lita 1 hadi 2 kwa dakika. Nadhani maneno yamebanana.

Na Jik moja kwa sita ni sahihi kama lebo inasema 3.5%. Unagawa 3.5 kwa 0.5 (asilimia inayotakiwa kwenye maji ya kuloweka), unapata 7, unatoa 1. Chupa ya 5% ni moja kwa tisa. Vijijini dawa hufika kutoka sehemu mbalimbali, lebo zinatofautiana, na chupa iliyokaa juani dirishani imepungua nguvu. Changanya kila siku, vifaa vikae dakika 10, visizidi. Vyuma vikilala humo mkasi unatoka na kutu na haukati tena.

Sista_wa_Zamu

Kweli kabisa, asante kaka. Ni lita 1 hadi 2 kwa wa chini ya mwaka. Futa ile, andika hii.

Mkunga_wa_Leba

Dada, ukihamia leba mambo mawili yatangulie yote: begi la ambu na oksitosini (sindano ya kukaza mji wa mimba damu isitoke).

Begi lijaribiwe kila zamu. Bana barakoa kwenye kiganja, kamua. Usikie vali ikipumua kwa nguvu na hewa isitoke pembeni. Barakoa namba 1 kwa mtoto aliyetimia, namba 0 kwa njiti, na zote ziwe mezani zimeoshwa, si kwenye kabati. Mtoto akizaliwa kausha, ondoa kitambaa kibichi, sugua mgongo. Asipolia, safisha mdomo ikiwa tu kuna kitu kimeziba, shingo iwe wastani isikunjwe wala kulegezwa nyuma mno, na upumulishe kabla dakika ya kwanza haijaisha. Ndiyo Dakika ya Dhahabu. Mara 40 kwa dakika, kwa hewa ya kawaida. Kifua kisipopanda usikamue tu kwa nguvu: weka upya barakoa, rekebisha kichwa, tazama mdomo, fungua taya, ndipo uongeze mkamuo. Kosa kubwa ni kuendelea kusugua na kunyonya makamasi wakati dakika zinakwenda.

Mpango wa Helping Babies Breathe, wa kuwafundisha wahudumu kumpumulisha kichanga, ulipofanyiwa utafiti katika hospitali 8 za Tanzania, matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya ndani ya saa 24 vimepungua kwa 47%. Lakini la kujifunza zaidi liko huko huko unakokwenda. Katika hospitali ya Haydom, wilaya ya Mbulu, iligundulika kwamba mafunzo ya siku moja yaliinua ustadi kwenye mwanasesere tu, huduma halisi leba ikabaki ile ile. Walipoweka mwanasesere palepale leba na kufanya mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, ndipo vifo vya saa 24 vikashuka. Kwa hiyo omba mwanasesere wa NeoNatalie utolewe kabatini, na kila mwanzo wa zamu fanyeni zoezi moja. Dakika tatu zinatosha.

Oksitosini ikae nyuzi 2 hadi 8. Toa ampuli za zamu yako tu, ziweke kwenye kibebeo chenye barafu. Zile zinazolala kwenye trei dirishani juma zima ndizo mnazochoma damu haikati. Yuniti 10 (IU) msulini ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka, ukishahakikisha hakuna pacha. Damu ipimwe kwa mfuko wa plastiki wenye mistari uliowekwa chini ya makalio. Kwa macho watu hukadiria nusu ya iliyopotea. Ikifika ml 500 fanya yote kwa pamoja, usingoje moja lishindwe: kanda mji wa mimba, oksitosini, asidi ya traneksamiki 1 g mshipani kwa dakika 10 (ndani ya saa 3 tangu ajifungue), maji ya dripu, kibofu kitolewe mkojo, kagua michaniko na kondo. Utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, ambao Tanzania na Kenya zilishiriki, ulipunguza madhara makubwa ya kutoka damu kwa 60% kwa kuunganisha hatua hizi.

Kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti 4 g mshipani. Ya 50% chukua ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano, ipite polepole, isipungue dakika 5. Kisha 5 g kila tako, ikichanganywa na ml 1 ya lidokaini ya 2%. Baadaye 5 g kila saa 4, lakini kabla ya kila dozi: pumzi zisipungue 16, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue ml 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana, acha dozi. Kalsiamu glukonati, ml 10 za 10%, ya kuzima magnesiamu ikizidi, ikae kwenye trei hiyo hiyo. Ampuli huja za ml 2 na za ml 10, kwa hiyo katika faili andika gramu, usiandike "ampuli mbili".

Rufaa ya mjamzito, aliyejifungua au kichanga: piga 115, ni bure, ni mfumo wa m-mama. Piga mapema. Masika barabara ya udongo inafanya saa mbili ziwe tano. Pamoja na barua, mpe anayemsindikiza oksitosini yenye barafu na begi la ambu, na wachangia damu wawili wapande gari hilo hilo.

Katibu_wa_Afya

Makaratasi. Nakala ya leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iingie kwenye faili lako kabla ya zamu ya kwanza. Omba barua ya Mganga Mfawidhi, hata ya ukurasa mmoja, inayotaja tarehe ya kuanza na kuisha, idadi ya zamu kwa wiki, posho kama ipo na inalipwa lini, chumba, na nani anayelipia matibabu ukiumia kazini. Mengi yanayowaumiza wanaojitolea yanaanzia kwenye ahadi ya mdomo. Barua hiyo itakufaa pia ukiomba ajira, kwa hiyo isikose muhuri.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, baada ya miezi 6. Anza sasa huko uliko, wala usingoje kufika. Ukichomwa na sindano iliyotumika: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue kidonda, usimwagie Jik. Toa taarifa, upimwe, uanze dawa za kinga ya VVU ndani ya saa 2 ikiwezekana. Baada ya saa 72 hazisaidii. Ni siku 28 bila kuruka. Uliza siku ya kwanza kabisa dawa hizo usiku zinakaa wapi na ufunguo anao nani. Boksi la sindano lifungwe likifika robo tatu.

Utawakuta madaktari na wanafunzi wageni wa wiki mbili tatu. Daktari mgeni naye anahitaji usajili wa muda na kibali. Mwanafunzi hafanyi kitu peke yake, na wewe usiachiwe kumsimamia. Oda zao zisome kabla hawajaondoka wodini. Wamarekani huandika epinefrini wakimaanisha adrenalini, asetaminofeni ni parasetamoli, albuteroli ni salbutamoli. Dawa ambayo stoo haina, mwambie pale pale abadilishe. Picha za wagonjwa zisipigwe, na wewe una haki ya kumzuia mgeni yeyote.

Upande huo wagonjwa ni Wairaki, Wadatoga, Wanyiramba na Wahadzabe, na wazee wengi, hasa akina mama, Kiswahili hakiwafiki sawasawa. Mtafsiri awe mhudumu wa wodi, asiwe mtoto wa mgonjwa. Mama hatataja damu ya uzazi mbele ya mwanawe. Mhudumu huyo anawajua watu na njia zao kuliko sisi wenye vyeti. Msalimie kwanza, mshirikishe kwenye makabidhiano.

Maisha: sweta zito, kule usiku ni baridi. Buti za mvua, ndoo mbili zenye vifuniko, chandarua, betri ya kuchajia simu, jiko dogo la gesi. Siku ya gulio nunua maharage, mchele na mafuta ya wiki nzima. Baada ya zamu kula kwanza, ndipo ulale. Ukilala na njaa unaamka saa nane mchana kichwa kinauma na jioni unarudi kazini umechoka.

Sista_wa_Zamu

Moja lililobaki, la kumwita daktari usiku. Simu ya wodi ichajiwe jioni, na namba za daktari wa zamu, maabara, dereva na fundi wa jenereta ziandikwe ukutani kwa kalamu nene, kwa sababu simu ikizima namba zimekwenda nayo. Kabla ya kupiga uwe na faili mkononi na umeshapima. Sema hivi kwa mfululizo: "Daktari, wodi ya watoto. Kitanda cha 7, miaka 2, kilo 12, malaria kali. Oksijeni 84 akiwa kwenye lita 2, pumzi 68, sukari 3.1, wingi wa damu 4.2, miguu ya baridi. Naomba uje sasa, nimeshawaita maabara kwa ajili ya damu." Andika saa uliyopiga na alichojibu. Akisema "endelea kumwangalia" na wewe unaona mtoto anashuka, piga tena baada ya dakika 10 na vipimo vipya. Asipopokea mara mbili, mhudumu aende akagonge mlango na tochi, wewe ubaki na mtoto.